Mchumba Aliyekuja na Mkataba

Mwanamume akikuambia "uamuzi ni wako" mara moja, unajiona malkia. Akikuambia mara mia, unaanza kutafuta kitu cha kumrushia. Perpétue alikuwa amefika hatua hiyo ya pili, na kitu kilichokuwa karibu na mkono wake alasiri ile ya Alhamisi, pale Bugolobi, kilikuwa kitabu alichokiandika mwanamume mwenyewe. Kurasa mia tatu na kumi, jalada gumu.

Hakukirusha. Alikitia ndani ya boksi juu ya vingine, akakikandamiza kama vile ndicho kilichomkosea.

"Umekasirika," Mugisho alisema.

"Sijakasirika."

"Uko na haki ya kukasirika."

"Mugisho, nyamaza kidogo."

Mtu aliyemjua Perpétue vizuri angekwisha kuelewa. Alizaliwa Bukavu, akakulia Kampala, na siku za kawaida alizungumza kama watu wote wa kwao. Lakini akipandwa na hasira Kiswahili chake hunyooka, unadhani anasoma taarifa ya habari. Na alasiri ile kilikuwa kimenyooka kweli kweli.

Walikuwa wamebaki wawili tu katika ukumbi mdogo ulio chini ya maghorofa, viti vya plastiki vimeachwa ovyo ovyo. Muda si mrefu uliopita Mugisho alikuwa amesimama pale mbele, saa nzima na nusu, akiwaambia wafanyabiashara na wanafunzi kwamba kila mtu ni bwana wa nafsi yake, kwamba bidhaa ziachwe zipite, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kumshurutisha mwenziwe. Aliyasema kwa Kifaransa. Perpétue alisimama ubavuni pake na maikrofoni yake, akiyageuza kuwa Kiswahili, na pale walipoombwa, Kiingereza. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka miwili iliyopita Mugisho alikuja mjini akitafuta mkalimani wa siku moja. Siku ikawa juma, juma likawa simu za kila jioni. Alikuwa mtu wa kuzunguka dunia na mawazo yake: leo Accra, kesho Lisbon, mwezi ujao Tbilisi, sanduku lake limejaa vitabu na nguo zimebanwa pembeni. Na kila akirudi, alimpigia Perpétue kabla hajavua viatu.

Sasa mambo yalikuwa yamefika pazuri. Jumamosi angekuja Katwe, nyumbani kwa wazazi wa Perpétue, kujitambulisha na kumposa. Jumatatu angepanda ndege: nchi tano, miezi mitatu.

"Nikuulize kitu," Perpétue alisema. "Jumamosi baba yangu akikukataa, utafanya nini?"

"Nitamuheshimu. Nyumba ni yake."

"Na mimi nikikukataa?"

Mugisho alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. Macho yake bila miwani ndiyo yaliyomponza Perpétue tangu mwanzo. Yalikuwa makubwa na ya upole, na yalikutazama kwa makini mpaka ukajiona wewe ndiwe mtu pekee aliyebaki mjini.

"Weye nitakuheshimu zaidi," alisema. "Sitakushika mukono. Mutu si kitu cha mutu."

"Hata hutauliza kwa nini?"

"Ukipenda kunieleza."

"Hutalia?"

Alifikiri. Huyu mtu swali lolote alilijibu kwa kufikiri. "Nitalia. Lakini ku hoteli."

Kicheko kilimpanda Perpétue kikafika kooni, akakimeza, na hilo likamzidishia hasira. Ndivyo alivyokuwa Mugisho, anakuudhi na kukuchekesha kwa sentensi moja. Perpétue alipomwambia kwamba kuna daktari mmoja wa Nakawa anayemletea maua, Mugisho aliuliza, "Ni mutu muzuri? Mupime vizuri basi." Alipopata kazi ya ukalimani Nairobi, miezi sita, mbali naye, Mugisho alimpongeza mpaka akamnunulia keki. Miaka miwili Perpétue alikuwa amewatafsiria watu kwamba wana haki ya kusema hapana. Hajawahi hata mara moja kumsikia mwanamume huyu akimwambia mtu, achilia mbali yeye, kwamba angependa aseme ndiyo.

Basi akaapa kimoyomoyo, pale pale, mikono juu ya boksi. Jumamosi Mugisho aseme mbele ya watu, kwa kinywa chake, kwamba anamtaka. Asiposema, hatalipokea sinia.

Sinia ndilo neno la mwisho la posa za kwao. Wageni huja nalo limejaa zawadi, na binti akiridhia, hulitwaa mwenyewe kutoka upande wa wageni akaliweka magotini pa baba yake. Akiliacha lilipo, wageni hulibeba wakarudi makwao, na habari imekwisha. Perpétue alijua vilevile kwamba siku hiyo mchumba haruhusiwi kufungua mdomo, husemewa na msemaji wake. Alijua, na hakujali. Alikuwa amekasirika, jamani, na mtu aliyekasirika haangalii ratiba.

Kwao Katwe, upepo nao haukuwa ukivuma upande wa Mugisho. Baba yake, Papa Elie, alikuwa mtu wa forodha miaka ishirini na miwili, mpakani, akiinua kizuizi na kukishusha. Vita vilipowasukuma hadi Kampala alijifunza kuchomelea vyuma, na sasa alikuwa fundi wa mageti, hodari hasa, mageti yenye simba na mananasi ya chuma. Na kitabu cha Mugisho, alichokabidhiwa kwa mikono miwili na heshima zote, kiliitwa *Dunia Bila Mageti*. Papa Elie alisoma jalada tu. Lilimtosha.

"Mutu mwenye anasema dunia ibomoe mageti, miye nimupe mutoto?" alimwambia mkewe Ijumaa jioni, chakula kikipoa mbele yake.

"Baba Perpétue, ile ni mufano," alisema Mama Blandine.

"Mufano! Bakiliya ba mageti bakisoma ile mufano, nitauzisha nani? Na kazi yake ni nini?"

"Anasema."

"Najua anasema! Nauliza kazi." Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo Perpétue, aliyekuwa akikunja nguo chumba cha pili, aliacha kukunja. "Mama Perpétue, ule mwanaume ni wa kila fasi, leo huku, kesho kule. Mutoto wetu atamubeba wapi? Ao atamuacha hapa, akuwe anangojea ndege kila mwezi?"

Mama Blandine alimsogezea sahani. Perpétue akarudia kukunja nguo ile ile.

Jumamosi saa tisa wageni walifika, wanaume sita wenye suti, wakapangwa upande mmoja wa sebule. Perpétue alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, pamoja na shoga yake Faridah, binti wa Kinubi wa mtaa wa pili, muuza manukato. Faridah alikuwa amemfukiza udi kiasi kwamba macho yaliwasha.

"Wallahi leo utanukia mpaka Lisbon," Faridah alisema, jicho limeshagandama kwenye upenyo wa pazia. "Mchumba wako amevaa suti ya kijivu. Maskini, anatetemeka mguu. Na huyu mwenye sauti ni nani?"

"Olanya. Mnadi wa viatu soko la Nakawa. Ndiye anayetangaza mikutano ya Mugisho."

"Hana spika na bado ananiumiza masikio."

Upande wa nyumba, aliyeshika usukani ni Shangazi Marlène, dada yake Papa Elie, mwanamke mfupi aliyefunga kilemba kirefu kuliko uso wake. Alisimama, na sebule ikanyamaza.

"Bon. Bageni, karibu. Leo tunasema babili tu, miye na musemaji wenu. Baba wa mutoto hasemi. Muchumba hasemi. Mwenye atafungua kinywa bila ruhusa, faini ni kreti moja ya soda. Tunaelewana?"

"Naelewana kabisa, nnyabo," alisema Olanya, akimwita bibi kwa Kiganda. Akasimama, akakohoa, akafungua karatasi. Haikuwa karatasi moja. Zilikuwa nne, zimepigwa chapa.

Nyuma ya pazia, Perpétue alisogea hadi kwenye upenyo. Ule mpangilio wa mistari aliutambua kwa mbali: ulikuwa wa Mugisho.

"Watu ya hii nyumba, mimi nasalimia nyinyi sana," Olanya alianza kwa ile sauti ya kuuzia viatu. Kisha akainamisha kichwa, akasoma. "'Kifungu cha kwanza. Mteja wangu, Mugisho, mtu mzima mwenye akili timamu, amefika hapa kwa hiari yake bila kushurutishwa na mtu yeyote.'"

"Nani alimushurutisha?" Shangazi Marlène aliuliza.

"Hakuna mutu, nnyabo. Ndiyo vile inaandikwa."

"Endelea."

"'Kifungu cha pili. Mteja anatambua kwamba Perpétue ni mtu huru. Si mali ya baba yake...'"

"Si mali yangu?" Papa Elie aliruka. "Miye mwenye nilimusomesha..."

"Kreti moja," alisema Shangazi Marlène bila hata kumtazama kaka yake. "Tumesikia. Musemaji, maliza."

"'...wala ya mama yake, wala ya mteja mwenyewe. Kifungu cha tatu. Perpétue ana uhuru kamili wa kukubali, kukataa, kuahirisha, au kutojibu kabisa, na mteja hatamlaumu kwa lolote.'"

Wageni wenyewe walianza kutazamana. Mmoja alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Shangazi Marlène aliinamisha kichwa upande kidogo, kama mama anayenusa maziwa kujua kama yameganda.

"Olanya. Ni Olanya, si vile?"

"Ndiyo, nnyabo."

"Weka karatasi chini. Nikuulize kama mutu. Ule mwanaume anapenda mutoto wetu, ao hapendi?"

Olanya hakuiweka chini. Alifunua ukurasa wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza. Jasho lilianza kumchuruzika. "Hiyo haiko hapa."

"Haiko wapi?"

"Kwa karatasi."

"Siulizi karatasi, nauliza weye!"

"Mimi niko na maoni yangu, nnyabo, lakini mimi nasaini." Akatoa mfukoni karatasi ya tano, akaionyesha kwa huzuni. "Hii ni kontrakt yangu na yeye. Inasema hivi: 'Msemaji hatasema kwa niaba ya mteja neno lolote lisiloandikwa, kwa kuwa kumtia mtu maneno kinywani ni kumpora nafsi yake.' Nikisema, kontrakt inakufa. Na mimi natangaza mikutano yake yote. Niko na watoto, nnyabo."

Sebule ilipasuka kwa kicheko. Hata Faridah ilibidi ajitie mtandio mdomoni. Perpétue peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama ameshika ukingo wa kitanda, na kila kifungu kilimchoma upya.

"Ngoja nielewe," Shangazi Marlène alisema kicheko kilipotulia. "Mwenyewe njo anajua, lakini desturi inamukataza kusema. Weye desturi inakuruhusu, lakini karatasi inakukataza."

"Ndiyo hivyo, nnyabo. Mimi pia nimeona hiyo shida sasa hivi."

"Mu zile karatasi zote, hakuna fasi ameandika anamutaka?"

Olanya alitafuta kwa dhati. Uso ukamng'aa. "Iko! Ukurasa ya nne. 'Mteja anatambua thamani kubwa ya Perpétue, kama mkalimani na kama binadamu.'"

"Kama mukalimani!" alipayuka Mama Blandine. "Yesu wangu!"

"Mama Perpétue, kreti."

Hapo Mugisho, aliyekuwa ameketi wima kama mwanafunzi wa mtihani, aliinua mkono. Aliuinua kwa adabu, vile vile walivyouinua watu kwenye mikutano yake wakitaka kuuliza swali.

"Mukono ni nusu kreti," alisema Shangazi Marlène.

Mkono ukashuka.

"Mpeni nafasi hata kidogo," Olanya alisihi. "Huyu mutu anajua kusema! Accra watu walisimama wakapiga makofi."

"Ku Accra hakukuwa bakwe." Shangazi Marlène alikunja mikono. "Bon. Tumengojea sana. Kama hakuna mutu wa kutuambia huyu binti anatakiwa ao hatakiwi, mubebe sinia yenu. Hatuna ubaya na mutu."

Olanya alilitazama sinia, lililofunikwa kitambaa cheupe mezani mbele yake. Wageni walitazama viatu vyao. Papa Elie alianza kutabasamu, kisha akamwona mkewe, akaacha.

"Perpétue, unakwenda wapi?" Faridah alimnong'oneza, akimshika kikwembe alichojifunga. "Bado hawajakuita!"

"Nimejiita."

Akalifunua pazia. Bibi arusi mtarajiwa hutoka akiitwa, macho chini, mashangazi wawili wakimwongoza taratibu. Perpétue alitoka kwa hatua ndefu, ameangaza macho, wingu la udi likimfuata nyuma. Mtoto wa jirani aliyekuwa mlangoni alikimbia.

"Mwana wangu," Shangazi Marlène alianza, "hii ni kreti..."

"Andika, shangazi. Andika mbili. Naomba kumwuliza mtu swali."

Akasimama mbele ya Mugisho. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, mama yake akajishika kifua.

"Umepanda ndege mara ngapi kwenda kuwaambia watu wanaweza kusema hapana?"

Mugisho alifungua mdomo, akamtazama Shangazi Marlène, akaufunga. Akaashiria kwa kidole, polepole, kwamba yeye amekatazwa. Alikuwa mkweli, huyo. Miaka yote alihubiri kwamba anayeingia nyumba ya mtu kwa hiari yake hufuata sharti la mwenye nyumba, na sasa sharti lilikuwa limemkaba koo na bado alikuwa akilifuata.

"Sawa," Perpétue alisema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga na alichukia kwamba yanaonekana. "Heshimu nyumba. Heshimu karatasi. Umeheshimu kila kitu humu ndani. Safari njema Jumatatu."

Akageuka.

"Ninalipa!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko Mugisho mwenyewe alivyotarajia. Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Shangazi, ninalipa kreti. Sijui zitakuwa ngapi. Tuanze na kumi."

"Kumi!" alisema mgeni mmoja.

"Aseme," alisema Shangazi Marlène haraka, na akakaa.

Mugisho alivuta pumzi. Akanyoosha koti. "Mabibi na mabwana..."

Watu wakaangua kicheko. Akasimama pale na mdomo wazi, mtu aliyesema mbele ya kumbi za mabara manne, neno la pili halipatikani.

"Huu si mkutano," Perpétue alisema. Alikuwa amegeuka tena. "Nitazame mimi."

Akavua miwani. Safari hii hakuifuta, aliiacha ining'inie mkononi.

"Nilizani nikikuomba, nitakuwa ninakusukuma," alisema polepole. "Mama yangu, bajomba yake walimuchukua siku moja, bakamupeleka ku bwana. Hakuna mwenye alimuuliza kitu. Mupaka alikufa, mu ile nyumba hakuna mutu alimuuliza hata kama anataka chai. Miye nikaapa. Nikasema sitamusukuma mutu, hata kidogo. Njo maana nimezunguka dunia yote."

Sebule haikucheka. Perpétue hakuwahi kuisikia habari hiyo, yeye aliyekuwa ametafsiri kila neno la mtu huyu. Moyo ulimlainika, akataka kumshika mkono yaishe. Lakini kulikuwa na jambo moja, na asingelisema leo asingelisema tena.

"Mama yako hakuna aliyemwuliza," alisema. "Na mimi je? Wewe umeniuliza lini?"

Lilimpata. Kila mtu aliona lilivyompata. Mabega ya Mugisho yalishuka, akatazama zile karatasi mkononi mwa Olanya, vifungu vyote vile, na inawezekana ndiyo mara ya kwanza aliona hakuna swali hata moja ndani yake.

"Nakutaka," alisema.

"Sema tena. Mama hakusikia."

"Nimesikia," alisema Mama Blandine. "Lakini aseme."

"Nakutaka, Perpétue. Ule daktari wa maua, sikulala siku tatu. Siku ulinieleza juu ya Nairobi, nilikununulia keki, kisha nikajifungia mu choo mupaka benye restora bakagonga mulango. Najua unaweza kusema hapana. Sitaki useme! Sitaki hata kidogo." Sauti ilikuwa ikimkatika na hakuwa akijali tena nani anasikia. "Inchi tano, miezi tatu, sitaki kwenda bila weye. Si juu ya kunitafsiria, nitatafuta mutu mwingine wa kutafsiri. Twende bote. Na kama hutaki kwenda, niambie, ninabaki hapa Katwe, bakose kunisikia. Nakuomba. Tafazali."

Faridah alikuwa analia nyuma ya pazia bila kujificha. Olanya naye alijipangusa macho kwa kontrakt.

"Na mageti?" ilisikika sauti ya Papa Elie.

"Kaka! Kreti!"

"Andika! Nataka ajibu juu ya mageti."

Mugisho alimgeukia kwa heshima. "Papa, siku tutapata nyumba, geti nitakuomba utengeneze weye mwenyewe."

"Ya simba?"

"Simba babili, Papa."

Papa Elie aliegemea kiti, akafumbata mikono tumboni kama mtu aliyepitisha mzigo baada ya kuukagua. "Bon," alisema. "Batu banaweza kubadilika."

Shangazi Marlène alisimama tena, akarekebisha kilemba. Hapa ndipo mahali pake penye uzito, na hata yeye sauti ilimshuka. "Perpétue, mwana wetu. Umesikia. Bitu bya hawa batu, tule ao tusile?"

Perpétue alijifuta machozi kwa ncha ya kikwembe.

Alimtazama Mugisho. Uso ulikuwa umemkauka, vidole vinaiminya miwani, na kwenye yale macho makubwa kulikuwa na kitu ambacho hajawahi kukiona humo: hofu tupu. Alikuwa amewafundisha watu wengi kwamba kila mtu anaweza kusema hapana, na sasa mtu mmoja aliyesimama mbele yake angeweza kuitamka hiyo hapana, na hakuna kitabu kingemsaidia. Perpétue aliiona hofu ile na hakuharakisha. Alitaka akae nayo kidogo. Yeye alikuwa ameishi nayo miaka miwili.

Kisha akaenda mezani, akainama mbele ya Olanya, akalishika sinia.

Vigelegele vilianza jikoni kabla hajaliinua. Mama Blandine alikuwa ameshasahau mambo ya kreti, anaita majina ya watakatifu mmoja mmoja. Sinia lilikuwa zito ajabu: vikwembe vya mama, sukari, chumvi, koti la baba, na nani anajua nini kingine kile kitambaa kilificha. Perpétue alijaribu mara moja, likainuka upande mmoja tu.

Mugisho alipiga hatua kuja kumsaidia. Akasita katikati, mikono hewani, akamtazama.

"Nikusaidie?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Perpétue. "Shika upande huu."

Wakalibeba wote wawili hadi magotini pa Papa Elie.